Bluu ya Temeke, Tili ya Kinondoni

Chraaa!

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la sebule. Ndefu, moja, isiyokatika.

Twaha alikuwa barazani, amekalia kiti cha plastiki alichopewa bila kukaribishwa ndani, na sauti ile ilimpata kama kofi. Aliijua. Kutwa nzima kule Tandika, kwenye kibanda chake cha batiki, alikuwa akiisikia: kitambaa cha pamba kikipasuliwa kwa kufuata uzi. Kitambaa kilichonaswa na msumari hulia kwa vipande, hukwama, kisha huendelea. Hiki kilikuwa kimeng'atwa pindo kwa meno, kikashikwa huku na huku, kikavutwa na mtu aliyekwisha kuamua.

Na ndani ya nyumba ile ya Kinondoni, asubuhi ile, kitambaa kilichokuwa mikononi mwa mtu kilikuwa kimoja tu. Chake yeye, zawadi aliyoileta.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, hakujishughulisha kukiinua.

Pazia likafunguka. Bi Tunu, mama yake Munira, akatoka, mwanamke wa miraba minne, kanga kiunoni, nyingine begani, uso umejikunja kama mkeka wa msibani. Mkono wa kushoto alishika nusu ya kitambaa, ile ya rangi ya tili, rangi isiyo kijani wala bluu, kama shingo ya tausi. Mkono wa kulia alishika nusu ya pili, bluu ya kobalti iliyokoza mpaka ilikuwa kama inawaka. Mkono wa kulia ukafumbuka. Bluu ikaanguka miguuni pa Twaha.

"Rangi yenu hiyo," akasema. "Okota, urudi nayo Temeke. Ya kwetu imebaki kwetu."

"Shikamoo, mama," Twaha akasema. Tangu afike alikuwa hajapata nafasi ya kuitoa ile shikamoo, na kiburi chake kilikataa kugombana na mtu mzima kabla ya kumwamkia.

"Marahaba. Nenda."

"Umeniita mwenyewe, mama. Mshenga wangu, Mzee Sadallah, nimemtuma na posa, umemrudisha. Nimemtuma tena, umemrudisha tena, ukasema aje mwenye shida. Nimekuja. Nimekuja na kitu nilichokitia rangi kwa mikono yangu, sikununua dukani. Halafu unakichana mbele yangu?"

"Sijakichana mbele yako. Nimekichana ndani kwangu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Bi Tunu akacheka cheko kavu. "Munira! We Munira! Njoo umsikie mtu wako. Ananiuliza kwa nini."

Munira alikuwa tayari mlangoni.

Alivaa dera jeupe lenye vidoti, kichwani ushungi uliofungwa haraka haraka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usiku usiolalwa. Twaha alimwona, na hasira zote alizokuwa amezikamata mkononi zikaanza kumponyoka kidole kimoja kimoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa huyu binti. Watu wote wa Tandika walijua kwamba Twaha haambiliki, fundi mdogo mwenye mdomo mkubwa. Lakini Munira akimtazama tu, vile, kichwa kikiinama kidogo upande, alikuwa akitulia kama maji ya mtungini.

Walijuana Mwenge, na walijuana kwa ugomvi. Twaha alikuwa ametandika batiki zake kando ya wachonga vinyago, tili na bluu nusu kwa nusu, na dada mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni akasimama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi zimelingana mno. Zinagombana."

"Zitagombanaje na wakati ni ndugu?"

"Ndugu ndio wanaogombana. Nyekundu na kijani kila mtu na kwao. Hawa baba yao mmoja, kila mmoja anataka kiti cha mbele. Ukiwapa nafasi sawa, jicho halijui likae wapi. Mmoja mfanye mwenye nyumba, mwingine mgeni. Ukuta tili, mito ya makochi bluu. Au pazia la bluu, ua dogo la tili pembeni."

"Kumbe we ni mwalimu."

"Ni mpambaji. Napamba kumbi na nyumba za watu, ofisi yangu iko Tabata. Na sijamaliza. Hizi zote mbili ni za baridi. Ukimjazia mtu chumba hizi peke yake, atakaa kama nyama ndani ya friji. Lazima utie kijipande cha moto. Shaba, mbao ya mninga, hata rangi ya hina. Kidogo tu, lakini kikikosekana, nyumba haikaliki."

Twaha alikuwa na jibu la ukali kwenye ncha ya ulimi. Likamfia huko huko. Jioni ile ile alimtafuta kwenye simu kumwuliza tena habari ya rangi, na kesho yake, na keshokutwa. Munira akamfundisha kwamba tili ni rangi ya mtu anayejua kusubiri, ndiyo maana wateja wake waliitaka chumba cha kulala. Na kwamba bluu ya kobalti ni rangi ya ahadi, mtu akiingia chumba chenye bluu ile husimama wima bila kujua kwa nini. Twaha naye, ambaye hakuna mtu aliyepata kumfundisha ushairi, akamtungia beti mbili tatu. Moja Munira aliikariri mpaka ikawa salamu yao:

*Tili wewe mtulivu, bluu mie msumbufu,*
*ukinipa usikivu, nitakupa utiifu.*

Huo ulikuwa mwanzo. Sasa miaka miwili imepita, na ile bluu ilikuwa chini, vumbini, kati ya miguu yake.

"Mama," Munira akasema taratibu, "ungemwambia kwa maneno."

"Maneno yameisha nyumba hii. Yalikwisha siku ya harusi ya dada yako." Bi Tunu akainua ile nusu ya tili, akaitikisa mbele ya uso wa Twaha. "Unaijua hii? Hii ndiyo sare tuliyovaa sie siku ile. Mie, wadogo zangu, mashangazi, ukoo mzima. Na nyie mlikuja na bluu hiyo hiyo, mmejaa ukumbi, vigelegele juu. Nikamkabidhi kaka yako Mwishehe mwanangu Salma, mbele ya watu, na machozi yananitoka. Haukupita mwaka, akaaga anafuata biashara. Yuko wapi? Hakuacha chakula, hakuacha salamu, hakuacha talaka! Leo unanifunika rangi zile zile, unasema zawadi?"

"Nimezichagua kwa makusudi," Twaha akasema.

"Umemsikia? Kwa makusudi!"

"Ndiyo, mama. Rangi haina kosa. Aliyekosa ni mtu. Mie sitaki kuingia nyumba hii kwa kujificha, kwa rangi ya maziwa, kama sijui lililotokea. Nimesema nizilete zote mbili, zikae mbele yetu, tuanze upya nazo."

"Kiburi."

"Si kiburi, mama. Ni—"

"Ni kiburi! Hata kaka yako hakuwa na mdomo huu. Yeye alitudanganya kwa upole."

Munira akashuka kizingiti. Akapita kati ya mama yake na Twaha, akainama, akaiokota ile nusu ya bluu. Akaikung'uta vumbi. Kisha, polepole, akijua kabisa anachofanya, akajitanda nayo mabegani juu ya dera lake jeupe.

Hapakuwa na upepo, lakini Twaha alihisi baraza zima limepumua.

"Vua hiyo," Bi Tunu akasema.

"Mama, nampenda."

"Nimesema vua."

"Nitavua. Nitavua ukinionyesha kosa lake yeye, Twaha, si la Mwishehe. Kanikosea nini? Kakukosea nini wewe? Kila mchumba niliyepata kabla yake ulimkataa kwa sababu ya kabila, sijui kazi. Huyu unamkataa kwa sababu ya tumbo alilotoka. Tumbo hakulichagua."

Bi Tunu akaivuta kanga ya begani, akaitanda upya. Twaha, moyoni, akaanza kushangilia. Akamtazama Munira. Munira naye akamtazama, na katika yale macho mekundu mlikuwa na kitu kilichomfanya atake kupiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji: imani tupu, isiyo na mfuko wa akiba.

Ndipo Salma akaja.

Alitokea uani, mikono imelowa maji ya nguo, kanga kuukuu imefungwa kifuani juu ya gauni. Alikuwa mzuri kuliko Munira, kila mtu alisema hivyo zamani. Sasa hakuna aliyesema. Akajifuta mikono kwenye kanga na kumwangalia mgeni.

"Hujambo, shemeji."

"Usimwite shemeji!" Bi Tunu akafoka.

"Nimwiteje, mama? Mimi bado mke wa kaka yake. Hilo si ndilo tatizo lenyewe?" Akachukua nusu ya tili mkononi mwa mama yake, na kwa mkono mwingine akavuta ncha ya bluu begani kwa Munira, akaziweka kando kwa kando pale zilipochanika. Kila nusu ilikuwa na ukingo mwembamba mweupe. "Umepasua pale pale kwenye mstari, mama. Huu mstari mweupe ni wa nini, shemeji?"

Twaha akaugusa kwa kidole. "Ni nta. Unapaka nta ya moto, rangi haipiti. Inazuia tili na bluu zisiingiliane. Ukimaliza unachemsha, nta inayeyuka, panabaki peupe."

"Kwa hiyo hapa hapana rangi."

"Hapana."

"Si tili wala bluu."

"Ndiyo."

Salma akatikisa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe. "Basi hapa ndipo ninapokaa mimi. Nyie mnagombania huku na kule, mnanipita. Sina mume, na siwezi kuolewa. Nikicheka na mwanamume dukani, watu wanasema mke wa mtu huyo. Nikilia, wanasema analilia nini, si ana mume? Nilipokwenda kwa shehe kuomba nifunguliwe, kanijibu vizuri tu: tutamwita mumeo. Yuko wapi? Tukaja kwenu Tandika kuuliza. Mama yako akasema hajui. Akala kiapo." Akaziachia zile ncha. "Unakumbuka, shemeji? Ulikuwa umesimama mlangoni."

Twaha akakiinua kile kiti kilichoanguka.

"Nilikutazama siku ile," Salma akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulitazama chini. Nikasema moyoni, huyu kijana ana haya. Nimekuwa nikijiuliza tangu Munira aanze kutaja jina lako humu ndani. Nakuuliza leo mbele yao. Mwishehe yuko wapi?"

Mahali fulani jirani mtu alikuwa akitwanga kisamvu kinuni. Du, du, du.

Munira akacheka kidogo, cheko la kumtetea mtu. "Dada naye! Angejua si angeniambia? Twaha, mwambie hujui."

Twaha akatazama chini.

"Twaha."

Alikuwa na maneno mengi maishani mwake. Hajapata kuyakosa, si sokoni, si mbele ya polisi, si mbele ya wateja wanaobomoa bei. Sasa ulimi wake ulikuwa kama umepakwa ile nta yake mwenyewe. Alimsikia tena mama yake, siku ile baada ya wageni kuondoka, amemshika ukosi wa shati: *Yule ni ndugu yako. Aibu ya ndugu hufunikwa, haianikwi. Ukisema, huna mama.* Na yeye akaapa, akafunika. Akajiambia kwamba ni heshima. Akajiambia kwamba yale ni mambo ya wakubwa. Halafu akakutana na binti mwenye futi shingoni, ambaye siku ya harusi hakumwona katika umati wa ukumbi, akajua ni mdogo wake nani, na badala ya kufunua akazidi kukandamiza, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kupoteza.

"Niangalie," Munira akasema.

Akamwangalia. Ilikuwa bora asingemwangalia. Ile imani ilikuwa ikiondoka machoni mwake, si kwa kishindo, ila kama rangi isiyoshikwa vizuri inavyotoka kwenye maji ya kwanza.

"Unajua."

"Munira, nisikilize—"

"Miaka miwili nakuja kwako Tandika, nakula kwa mama yako, ananiita mkwe. Narudi nyumbani namkuta dada yangu amekaa kitandani anaangalia ukuta. Nakupigia simu nakulilia. Nakwambia Twaha, dada anakwisha. Unanibembeleza. Unanitungia mashairi! Na unajua?"

"Nilikula kiapo kwa mama."

"Na mimi? Mimi hukuniapia? *Ukinipa usikivu, nitakupa utiifu.* Nilikupa usikivu wangu wote, Twaha. Utiifu wako uko wapi?" Akaishika ile bluu mabegani, akaivua, akaikunja mara mbili, kwa utaratibu ule ule anaokunjia vitambaa vya wateja wake, na hilo likamuumiza Twaha kuliko kama angeitupa. "Mama, nilikwambia unionyeshe kosa lake. Samahani. Kumbe nilikuwa nimelivaa."

Bi Tunu hakufurahi. Twaha alitegemea atafurahi, angalau apate mtu wa kumchukia. Lakini mama yule alimshika binti yake mgongoni tu, akasema kwa sauti iliyochoka, "Basi, mwanangu. Basi. Ingia ndani."

Munira akageuka. Hatua mbili tatu, na pazia lingemfunika, na Twaha alijua kwa uhakika wote wa moyo wake kwamba likimfunika sasa, halitafunuliwa tena.

"Kilwa Masoko," akasema.

Pazia likasimama mkononi mwa Munira.

"Yuko Kilwa Masoko. Ana duka la spea za pikipiki, karibu na stendi. Ana..." Akamtazama Salma, na safari hii hakutazama chini. "Ana mke, shemeji. Na mtoto. Mama alitaka asionekane amekimbia mke kwa ajili ya mke mwingine. Akasema muda ukipita mtasahau. Mie nilijua hamtasahau, na nilinyamaza. Nilinyamaza mlangoni siku ile, na nimenyamaza kila siku tangu siku ile. Hapana wa kumlaumu ila mie. Nimekua, nina ndevu, nina kazi yangu. Mdomo ninao, kila mtu anasema. Pale ulipohitajika ndipo nilipoufunga."

Kinu cha jirani kilikuwa kimenyamaza. Salma akakaa kwenye kizingiti, pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo ambao hakujua alikuwa ameubeba kichwani. Hakulia. Alijiangalia mikono yake miwili, mikavu, ya kufulia, kucha zisizo na rangi, viganja visivyo na ua hata moja.

"Ana mtoto," akasema. "Na mimi sijapaka hina tangu aondoke. Nilijiambia nitapaka siku atakaporudi."

Bi Tunu akageuza uso.

Munira akarudi. Alisimama mbele ya Twaha, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, akiwa bado ameikumbatia ile bluu iliyokunjwa. Twaha alitamani kumshika mkono. Hakuthubutu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Na sitakusubiri kama dada alivyosubiri. Nimeona kusubiri kunavyomla mtu."

"Usinisubiri. Nihesabie siku kama adui unayemdai, mpaka nilipe deni la dada yako."

"Acha mashairi."

"Si shairi. Nasema kweli."

Walitazamana. Ugomvi ulikuwa bado umejaa macho ya Munira, lakini chini yake, mbali, Twaha aliona kitu kidogo kilichokataa kuzimika, na alikishikilia kwa roho yake yote. Munira akanyoosha mkono, akampa dada yake ile bluu. Salma akaichukua, akaiweka mapajani juu ya tili.

"Hizi nitazishika mimi," Salma akasema. "Zote mbili. Si zawadi tena, ni rehani. Mama, unasemaje?"

Bi Tunu alimpima Twaha kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayetafuta mahali pa kumchana. "Akirudi mikono mitupu," akasema mwishoni, "nitazifanya matambara ya kudekia. Na nitadekia mbele yake. Aseme sasa anakwenda kufanya nini, aseme kwa sauti, majirani wasikie. Watu wa nyumba yao kwa kunong'ona ni hodari."

Twaha akageuka. Kweli, kwenye ua wa pili mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mchi mkononi, hata hakujidai kufanya kazi. Damu ilimpanda tena usoni, ile damu yake ya siku zote, lakini sasa hakuwa na hasira na mtu yeyote wa nyumba ile. Alifikiri juu ya mama yake, na ukosi wa shati, na maneno *huna mama*. Akayameza. Akapiga goti moja sakafuni, si mbele ya Munira, mbele ya yule aliyekaa kizingitini.

"Shemeji Salma," akasema, na alisema kwa sauti kubwa mpaka kuku wa uani wakashtuka. "Leo hii napanda basi la Kilwa. Nitampata Mwishehe, nitakaa mlangoni kwake mpaka aniue au aje nami. Atakuja kusema hapa, mbele ya shehe na mashahidi, lile neno alilokunyima. Akikataa, nitarudi kusimama mwenyewe kwa shehe, nimtaje alipo, nimtaje na mkewe, aitwe kwa nguvu. Posa yangu sitaituma tena, wala sitamtazama Munira, kabla wewe hujafunguliwa. Na siku tutakapooana, Mungu akitujalia, rangi hizi zitavaliwa, tili na bluu, na ile ya tatu iliyokosekana, ile ya moto, utaivaa wewe: nakuahidi, shemeji, mikono yako itapakwa hina kabla ya mikono ya Munira."